Mgeni Mpe Jembe: Uongozi na Ushiriki katika Vyama vya Wahadhiri, Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

1. Utangulizi

Vyama vya wahadhiri katika Afrika ya Mashariki vimeandikiwa zaidi kwa upande wa siasa yao kuliko kwa upande wa maisha yao ya ndani. Inajulikana ni lini chama fulani kilipigwa marufuku, lini kiliandikishwa, na lini kilitangaza mgomo. Ni nadra, hata hivyo, kuulizwa ni kitu gani kinachomfanya mhadhiri aliyekwisha kulipa ada yake aendelee kujihesabu kuwa ni mwanachama, na ni kitu gani kinachomfanya mwingine, aliyelipa ada ile ile, abakie jina tu katika daftari.

Makala haya yanakusudia kulieleza suala hilo kwa kutazama vyama vya aina mbili ambavyo mhadhiri wa Kiswahili nchini Kenya huweza kuwa ndani yake kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni chama cha wafanyakazi, ambacho hutetea mshahara na masharti ya kazi. Cha pili ni chama cha kitaaluma, ambacho hukuza somo lenyewe. Mazingira yanayotazamwa ni Nakuru na Bonde la Ufa la kati, yaani eneo lenye vyuo vikuu kadhaa vilivyokaribiana. Dai kuu ni kwamba ushiriki hauletwi na ada wala na mahudhurio. Huletwa na kazi iliyogawanywa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha uongozi wa chama cha wasomi ni idadi ya wanachama ambao kila mmoja wao anaijua kazi yake.

2. Maneno na maana zake

Kabla ya kuingia katika kiini cha mjadala, yafaa kuyatazama maneno yenyewe, kwani Kiswahili kimekwisha kuihifadhi ndani ya msamiati wake tofauti ambayo makala haya yanaitafuta.

Neno mwanachama limeundwa kwa mwana na chama, kama yalivyoundwa mwananchi, mwanamaji na mwanasheria. Mwana katika maneno haya si mtoto kwa umri. Ni mtu aliye wa mahali fulani au wa shughuli fulani. Mwanamaji hawi mwanamaji kwa kuitazama bahari kutoka ufukoni, wala mwanasheria hawi hivyo kwa kuhudhuria mahakama. Uhusiano unaotajwa na mwana ni wa kuzoeana na kazi. Mwenyekiti, kwa upande mwingine, ni neno la umiliki: ni mwenye kiti. Neno hilo lataja anachokikalia mtu, wala halitaji anachokifanya.

Tofauti na mwenyekiti ni kiongozi, neno lenye asili ya kitenzi ongoza. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara, kiongozi, au kirangozi kama alivyoitwa mara nyingi, ndiye aliyewatangulia wapagazi na kuwaonyesha njia. Naye alikuwa mmoja wa wapagazi hao, akiubeba mzigo wake mwenyewe, ijapokuwa mwepesi kuliko ya wengine. Uongozi wake haukumtoa katika kazi ya msafara.

Vivyo hivyo hudhuria na shiriki. Vitenzi vyote viwili vina asili ya Kiarabu, lakini havikuja na maana moja. Kuhudhuria ni kuwapo mahali. Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo. Ni kitenzi cha jamaa moja na shirika na ushirika, na anayeshiriki ana faida yake na hasara yake humo. Katika taarifa za vyama, maneno haya mawili aghalabu hubadilishana nafasi bila ya uangalifu, na watu waliohudhuria kongamano huandikwa wote kuwa ni washiriki. Hapo ndipo kosa la fikra linapoanzia.

Mapokeo ya pwani hayakulifanya kosa hilo. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyochipuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara, vikiwamo Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo vingi mno, vingi vikiigwa kutoka jeshini na serikalini. Wako walioviona vyeo hivyo kuwa ni mchezo tu. Lakini chama kilichokuwa na vyeo vingi kilikuwa pia na watu wengi wenye jambo la kuulizwa, na chama hicho hicho ndicho kilichomsaidia mwenzao alipougua na kumzika alipofariki.

3. Mazingira: vyuo vya Nakuru na jirani zake

Mhimili wa elimu ya juu katika eneo hili ni Njoro, kusini-magharibi ya Nakuru. Hapo ndipo Maurice Egerton alipoanzisha shule ya kilimo mwaka 1939, ambayo baadaye ilikuwa chuo cha stashahada. Mwaka 1986 Egerton ilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge. Wakati huo mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Chuo kilichozaliwa katika kilimo kikajikuta kinahitajiwa kutoa walimu wa lugha. Miongoni mwa wataalamu wa Kiswahili waliofundisha hapo ni Rocha Chimerah, mwandishi wa riwaya ya Nyongo Mkalia Ini.

Baadaye vyuo viliongezeka. Kampasi ya Egerton iliyo kando ya barabara ya Nakuru hadi Nyahururu ilipandishwa kuwa chuo kishiriki mwaka 2011, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Laikipia. Chuo Kikuu cha Kabarak, ambacho ni cha binafsi, kiko upande wa kaskazini ya Nakuru na kilipewa hati yake mwaka 2008. Nakuru yenyewe ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021.

Matokeo yake kwa suala la vyama ni mawili. Kwanza, wanataaluma wa somo moja wanakaa mwendo wa saa moja au mbili baina yao, lakini wana waajiri mbalimbali, kalenda mbalimbali na masharti mbalimbali ya kazi. Pili, limetokea kundi la wahadhiri wa muda ambao hufundisha katika chuo zaidi ya kimoja na hawahesabiwi kikamilifu katika chochote. Mtandao wa taaluma ungekuwa ndiyo nyumba yao ya asili. Lakini nyumba hiyo aghalabu hujengwa kwa kipimo cha mhadhiri wa kudumu.

4. Chama cha wafanyakazi: ada bila ya mahudhurio

Historia ya chama cha wafanyakazi ni funzo kubwa. Chama cha wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, alikuwa katibu mkuu wake, kilipigwa marufuku na Serikali mwaka 1980. Mwishoni mwa 1993 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, ambavyo wakati huo vilikuwa vinne, Egerton ikiwamo, waligoma wakidai kuandikishwa kwa Chama cha Wahadhiri wa Vyuo Vikuu (UASU). Chama kiliongozwa na Korwa Adar na Kilemi Mwiria. Serikali ilikataa kukiandikisha, na viongozi kadhaa walipoteza kazi. Uandikishaji ulipatikana mwaka 2003, baada ya mabadiliko ya serikali. Na Mwiria, aliyenyimwa cheti miaka kumi kabla, sasa alikuwa Waziri Msaidizi wa Elimu katika serikali iliyokitoa.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni hili. Katika miaka hiyo kumi, kuanzia 1993 hadi 2003, chama hakikuwa na cheti, wala ofisi inayotambuliwa, wala makato ya mshahara. Lakini kilikuwa na wanachama. Aliyejihesabu kuwa mwanachama alijua anachoweza kukipoteza. Baada ya 2003 mambo yaligeuka. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mwajiri huagizwa kukata ada katika mshahara wa mwanachama na kuipeleka chamani moja kwa moja. Na kifungu cha 49 cha sheria hiyo huwezesha hata wasio wanachama, ambao wananufaika na mkataba wa pamoja, wakatwe malipo ya uwakala.

Utaratibu huu ni ushindi, wala haufai kubezwa: chama kisichokuwa na fedha hakiwezi kumlipa wakili. Hata hivyo una gharama yake. Ada inayokatwa kabla ya mshahara kufika haimlazimu kiongozi kumwomba mwanachama chochote, wala haimlazimu mwanachama kumwuliza kiongozi chochote. Tawi linaweza kuwa na hazina iliyojaa na mkutano usiotimiza akidi. Mwanachama huamka siku ya mgomo, kama ilivyokuwa katika mgomo wa kitaifa wa Septemba hadi Novemba 2025, uliodumu wiki saba. Ukiisha, hurejea usingizini. Kati ya mgomo mmoja na mwingine hapana kazi aliyopewa.

Tawi lililoongozwa vyema hulitambua pengo hilo na kulijaza kwa kazi ndogo za kudumu: mjumbe mmoja katika kila kitivo anayepokea malalamiko na kuyaandika, kamati ya kuupitia mkataba wa pamoja kifungu kwa kifungu kabla ya majadiliano, si baada yake, na mtu anayewaeleza wahadhiri wapya, katika lugha inayoeleweka, haki walizonazo. Hakuna hata moja ya kazi hizi inayohitaji fedha nyingi. Zote zinahitaji mwenyekiti aliye tayari kuiacha sehemu ya sauti yake isemwe na mwingine.

5. Chama cha kitaaluma: mahudhurio bila ya ada

Ama kwa upande wa chama cha kitaaluma, tatizo limekaa kinyume. Tanzania ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kwa sheria mwaka 1967. Kenya iliingia karne ya 21 bila ya baraza la aina hiyo, na sehemu kubwa ya kazi ambayo ingefanywa na chombo cha dola iliwaangukia watu wa kujitolea. Chama cha Kiswahili cha Taifa (CHAKITA) kilianzishwa mwaka 1998, na Kimani Njogu alikiongoza akiwa mwenyekiti. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, huku kikibakia lugha ya taifa. Hadhi hiyo iliongeza mahitaji ya istilahi, tafsiri na ushauri, na wenye maarifa hayo ni hao hao wanachama.

Chama cha namna hii hakina makato. Kila mwaka ni sharti kimwombe mwanachama upya. Kikiwa kimeandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kinatakiwa kufanya mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, kuwaonyesha wanachama hesabu, na kupeleka taarifa ya mwaka kwa Msajili. Sheria hiyo ni nzuri kwa sababu humlazimu kiongozi kuwatazama wanachama machoni. Lakini katika vyama vingi vya wasomi mkutano mkuu hubanwa katika saa ya mwisho ya kongamano, wakati baadhi ya wajumbe wamekwisha kufunga mizigo. Hesabu husomwa haraka, uchaguzi hufanywa kwa kupendekezana, na mwaka huisha.

Kuna sababu nyingine, ambayo ni ya ndani ya mfumo wa vyuo. Mwongozo wa uteuzi na upandishaji vyeo uliotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 ulihesabu machapisho kwa alama. Kwa mwanataaluma, kongamano likawa ni mlango wa chapisho. Huja na makala yake, huisoma katika dakika alizopewa, hupokea cheti, na huondoka. Hapana haki ya kumlaumu, kwa kuwa anafanya kile ambacho mwajiri wake anakihesabu. Kuandaa kongamano hilo, kuyahariri makala ya wengine, kuzitunza kumbukumbu za mikutano na kumfuata mwanachama aliyekuwa kimya ni kazi ambazo hazionekani sana katika fomu ya kupandishwa cheo. Matokeo yake ni kwamba kazi hizo huangukia mikono ile ile michache, na mikono hiyo ikichoka chama hulala.

6. Jarida kama jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa zaidi kumkumbusha mgeni asikae mno. Lakini inasemwa kwa mwenyeji, naye ndiye anayeamrishwa: mpe. Mgeni aliyekaa mwezi mzima bila ya jembe hakukosea peke yake. Ndivyo ilivyo kwa mwanachama anayehudhuria kongamano la tatu, la nne, na la tano, naye hajawahi kuombwa kufanya lolote.

Katika taaluma ya lugha, jembe lililo karibu zaidi ni jarida. Historia ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilihamahama: Dar es Salaam, kisha Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa, na hatimaye ikarudi Dar es Salaam mwaka 1964 na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Hapana shaka kwamba kamati hiyo ilikuwa chombo cha kikoloni, na kwamba wenye lugha walikuwa wachache mno katika viti vyake. Ila taarifa yake ya kila mara, iliyokuja kuwa jarida la Kiswahili, iliendelea kupita kutoka makao hadi makao. Makatibu walibadilika na ofisi ilihama. Uzi ulioshika ulikuwa ni ule wa watu walioandika, waliojibu na waliosahihisha.

Jarida hutoa kazi za kila kimo. Yuko wa kuhariri, wa kupitia makala, wa kusoma prufu, wa kukusanya istilahi za fani moja, na wa kuandika mapitio ya kitabu kipya. Mhadhiri wa muda ambaye hana ofisi Njoro wala Kabarak anaweza kupitia makala. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kukusanya msamiati wa wakulima wa maua wa Naivasha au wa wavuvi wa Baringo. Mwanachama aliyepewa kazi kama hiyo, na ambaye jina lake limeandikwa penye kazi yake, atauliza mwenyewe mkutano ujao ni lini.

7. Chama katika eneo lenye majeraha

Suala la ugawaji wa kazi lina uzito wa pekee katika Bonde la Ufa la kati. Hapa wanaishi wasemaji wa Kikalenjin, Kikuyu, Kimaasai, Kigusii, Kiluhya, Dholuo na lugha nyingine. Mapigano ya mwaka 1992 yalilipata eneo la Molo. Ya Januari 1998 yaliifikia Njoro. Na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliingia mjini Nakuru kwenyewe. Wahadhiri hawakuwa nje ya mambo hayo. Walikaa katika mitaa ile ile, na wanafunzi wao walitoka katika nyumba zile zile.

Katika mazingira kama haya orodha ya viongozi husomwa kwa macho mawili. Jicho moja hutazama sifa, na la pili huhesabu majina. Kiongozi anayesema kwamba wasomi hawana ukabila hujidanganya. Lakini mgawanyo wa viti peke yake hautoshi, kwa kuwa viti ni vichache, na kila anayekikosa humwona aliyekipata kuwa amekichukua. Kazi ni nyingi kuliko viti. Watu wawili wa jamii mbili wanaosahihisha faharasa moja kwa muda wa miezi sita hujuana kwa njia ambayo hotuba ya umoja haiwezi kuileta. Chama cha Kiswahili kina bahati kwamba lugha kinayoihudumia, katika mji kama Nakuru, tayari ni ile ambayo majirani hawa huitumia sokoni na katika matatu. Ingekuwa ni aibu lugha iwakutanishe watu sokoni, na chama cha wataalamu wake kishindwe kuwakutanisha.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba chama cha wafanyakazi hupata ada bila ya mahudhurio, na chama cha kitaaluma hupata mahudhurio bila ya ada, lakini kwamba ugonjwa wa vyote viwili ni mmoja: mwanachama ambaye hana fungu katika kazi. Kwa hiyo dawa haipatikani kwa kuongeza makato wala kwa kuongeza makongamano. Inapatikana kwa mambo ambayo yamo katika uwezo wa tawi lolote: mkutano mkuu kupewa siku yake, hesabu kugawanywa kwa maandishi kabla ya kusomwa, kila kamati kuwa na mhadhiri mmoja wa muda na mmoja aliye mpya kazini, vipindi vya uongozi kuheshimiwa, na idara za vyuo kuihesabu kazi ya uhariri na ya ukatibu mtu anapoomba kupandishwa cheo.

Jambo la mwisho hilo ndilo gumu zaidi, kwa sababu haliwezi kuamuliwa na chama peke yake. Lakini wanaokaa katika kamati za kupandisha vyeo ni wanachama wa vyama hivi hivi. Wakikumbuka humo kazi waliyoiona wenzao wakiifanya kwa miaka, bila ya malipo na bila ya jina, watakuwa wamempa mgeni jembe, na wamemlipa pia aliyelima kabla yake.